Wamempenda Subira, lakini wanataka na mdogo wake

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi. Wanaokuandikia wengi ni wake waliochoshwa na waume, au mabinti waliodanganywa. Langu nalo ni la mapenzi, ila wapenzi wenyewe hawapo duniani. Niliwabuni mimi.

Ninaandika riwaya za mapenzi. Ukilitamka hilo mbele ya watu wazima, kwanza hutoka kicheko kidogo, halafu swali: "Na hayo unayoyaandika, umeyafanya?" Sijawahi kusikia mwandishi wa hadithi za upelelezi akiulizwa ameua wangapi. Mimi nimeshazoea. Mama mkwe bado, ndiyo maana natumia jina la kubuni.

Huu ni mwaka wa tisa naandika, saa 10 alfajiri hadi saa 12, kabla nyumba haijaamka. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na maneno 140,000. Sikujua kwamba wachapishaji wa riwaya za mapenzi mara nyingi hutaka kati ya 50,000 na 90,000. Nilidhani wingi ndio utajiri. Nikaupeleka kwa wachapishaji 14. Tisa hawakujibu kabisa. Wanne walinitumia ile barua moja wanayomtumia kila mtu. Mmoja, Mungu ambariki, aliandika mistari miwili: "Wapenzi wako wanakutana ukurasa wa 61. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshalala."

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikafungua mswada nikahesabu kurasa. Kweli, 61. Kurasa zote 60 za mwanzo nilikuwa naeleza ukoo wa msichana, bibi yake, ugomvi wa urithi na mvua. Mvua nyingi sana, Shangazi. Hakuna shule iliyonifundisha kuandika kama mistari ile miwili.

Mswada wa pili sitausema sana, bado unaniuma. Nilikutana na mtu aliyejiita mchapishaji, akausifu mno (siku hizi najua hakuwa ameusoma), kisha akanitaka nichangie gharama. Nilitoa akiba ya mwaka mzima. Vitabu vilikuja na jina langu la kubuni limekosewa herufi jaladani, na kuvisambaza ikawa kazi yangu. Makasha manne bado yako chini ya kitanda. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi, hamdai hela.

Sasa nifike kwenye hili la leo.

Mswada wa tatu ni wa Subira, mshonaji anayeshona magauni ya harusi za wenzake. Ukurasa wa 4 tu anaingia mwanamume mmoja, fundi saa, kurudisha gauni la dada yake ambaye harusi yake imevunjika. Anataka arudishiwe fedha. Subira hataki. Wanaanzia hapo. Mchapishaji mmoja wa uhakika, mwenye vitabu madukani, ameupenda. Mhariri alinipigia simu mwenyewe. Aliyajua majina ya wahusika wote, hata ya mteja anayepita mara moja tu, na kwa mtu aliyekwisha kuchomwa kama mimi, hilo lilinitoa machozi.

Sharti lake la kwanza lilikuwa mwisho wa hadithi. Mimi niliwaachanisha wapenzi wangu kwenye kituo cha basi, akataka waoane. Nilibisha wiki nzima. Akanieleza kwamba anayenunua riwaya ya mapenzi ameahidiwa jambo. Chama cha waandishi wa aina hii cha Marekani kilifika hadi kuliweka katika fasili yake: pendo liwe ndiyo hadithi yenyewe, na mwisho uridhishe moyo na uache matumaini. Nilinuna, nikaandika upya. Na nikiwa mkweli, mwisho mpya ni bora. Niliwatenganisha kwa kuogopa kuchekwa. Nilidhani huzuni ingenifanya nionekane mwandishi wa maana. Kwa hiyo usinione mbishi wa kila kitu. Hapo alikuwa na haki.

Kisha ukaja mkataba. Kurasa 11. Kifungu cha 4 kinasema nitalipwa mara moja, kwa mkupuo, wala hakuna mrabaha, lile fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa. Kiuzwe nakala 500 au 50,000, changu ni kile kile. Nawapa haki zote, kwa lugha zote, kwa umbo lolote lililopo na litakalobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki. Nilikwenda kutafuta muda huo ni upi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini kabisa: uhai wa mwandishi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Yaani wajukuu wangu watazeeka Subira akiwa bado mali ya watu wengine.

Hilo peke yake ningelimeza, ingawa namkumbuka Jane Austen, yule mwandishi Mwingereza wa zamani. Riwaya yake ya kwanza, mwaka 1811, ilitoka kwa gharama zake mwenyewe. Ingedoda, hasara ingekuwa yake. Haikudoda, akabaki na faida ya pauni 140. Iliyofuata ilikuwa Pride and Prejudice. Hiyo aliamua kuiuza moja kwa moja. Alitaka 150, akapewa 110. Ilitoka mwaka 1813, na kabla mwaka haujaisha ikachapishwa tena, naye hakuongezewa kitu kwa sababu haikuwa yake tena. Mume wangu nilipomsimulia alisema, "Basi umeona, hata yeye aliuza." Mimi nilikuwa nimeisimulia kwa maana nyingine kabisa.

Kinachoninyima usingizi ni kifungu cha 9 na cha 12. Cha 9 kinasema wahusika, majina yao na hadithi yoyote itakayotokana nao ni mali ya mchapishaji. Cha 12 kinasema riwaya zangu mbili zijazo lazima niwapelekee wao kwanza, wawe na miezi sita ya kuamua, kwa masharti haya haya.

Wewe si mwandishi wa mambo haya, ngoja nikueleze kwa nini inauma. Riwaya za mapenzi huzaana. Wawili wakishaoana hadithi yao imekwisha, lakini pembeni huwa umemwacha mtu ambaye msomaji anabaki kumuuliza: na huyu atampata nani? Mimi nimemwacha Nuru, mdogo wake Subira, mwenye mdomo mrefu kuliko sindano za dada yake. Watu watatu waliousoma mswada wote waliniuliza kuhusu Nuru kabla hata ya kumsifu Subira. Nami nilikuwa nimeshaanza kumwandika. Sasa wakimkataa Nuru, siruhusiwi kumpeleka kwingine, maana jina ni lao. Wakimkubali, nimemuuza kwa bei ya dada yake.

Nilimuuliza mhariri kwa upole. Akanijibu kwa upole zaidi: "Dada yangu, huu ni mkataba wetu wa kawaida, kila mtu anasaini huu huu." Sijui kama ile ilikuwa "hapana", au ilikuwa "bado hujaomba vizuri".

Mume wangu anasema mtaka yote hukosa yote. Nitie sahihi, kitabu kitoke, jina lijulikane, halafu cha tatu au cha nne ndipo nitunishe misuli. Simlaumu, ni yeye anayelala juu ya yale makasha manne. Rafiki yangu mmoja anasema nikatae, nichapishe mwenyewe, kila nakala iwe yangu. Yeye hajawahi kubeba kasha la vitabu dukani akaambiwa arudi baada ya mwezi. Wakala wa kunisemea kwa wachapishaji sina. Hao kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na ningempa mtu fungu hilo kwa furaha ili tu anisemee maneno ninayoogopa kuyasema mwenyewe.

Nimesoma mikataba ya wengine kadiri nilivyoweza kuipata. Nimeona waliowakodisha wachapishaji haki kwa miaka michache tu badala ya kuziuza. Nimeona vifungu vinavyosema kitabu kikiisha sokoni na kisichapishwe tena, haki zirudi kwa mwandishi. Nimeona pia mirabaha inayohesabiwa kwa bei ya jaladani na mingine kwa kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata chake, na tofauti ya hesabu hizo mbili si ndogo. Kwa hiyo sidhani naomba nyota.

Nilichoamua hadi sasa ni hiki: fedha waache kama zilivyo, hata mrabaha siudai. Naomba kifungu cha 9 kifutwe, na haki zinirudie kitabu kikiacha kuchapishwa. Lakini kila nikiandika barua hiyo naifuta. Naisikia sauti ya mhariri ikipoa. Naona barua zile nne za "tunasikitika" zikiwa tano.

Shangazi, wewe unajua watu wanavyoombana mambo magumu. Niombe vyote viwili kwa pamoja, au nianze na Nuru peke yake? Nimwambie kwa simu, ambako tunaelewana vizuri, au kwa maandishi, ambako nitabaki na ushahidi? Na akisema hapana, je, ni ujinga kuondoka na mswada ambao hatimaye mtu ameupenda?

Atapiga simu Jumatano ijayo. Kitabu cha Nuru kimefikia maneno 31,000, na tangu mkataba uje sijaongeza hata sentensi. Naamka saa 10 kama kawaida, nakaa, nafungua, na kila nikitaka kumpa Nuru neno la kusema naona namwandikia mtu mwingine.

Wako,
Mama Makasha