Malalamiko Kuhusu Kioo cha Mlango Kilichotumika Kuuzwa Kama Kipya

Dar es Salaam,
20 Novemba 2024.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Karakana ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIOO KILICHOTUMIKA KUUZWA KAMA KIPYA, NA KAZI ISIYOKAMILIKA KWENYE MLANGO WA NYUMA WA MERCEDES-BENZ E 250

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu na mmiliki wa gari aina ya Mercedes-Benz E 250 la mwaka 2012, ambalo nililileta katika karakana yenu mwezi uliopita likiwa limevunjika kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Chanzo cha kuvunjika hakina utata wowote. Kijana aliyekuwa akifyeka nyasi kwa mashine pembeni mwa maegesho ya ofisi yetu aligonga kokoto, kokoto ikaruka, na kioo chote kikamwagika kwa mara moja, nusu kwenye kiti na nusu ndani ya mlango. Ndivyo vilivyo vioo vya milango vilivyoimarishwa kwa joto: havipati ufa ukabaki hapo kama kioo cha mbele, bali husambaratika vipande vidogo vidogo, na kwa hiyo haviungwi wala havizibwi. Ni kununua kingine, na hicho kingine ndicho nilichokuja kukinunua kwenu.

Mhudumu wenu wa mapokezi aliniandalia ankara kifani, yaani ya makadirio ya bei kabla ya kazi, iliyotaja kioo kipya halisi cha mlango wa nyuma kwa shilingi 850,000 na ufundi kwa shilingi 120,000, na baada ya kuongeza VAT ya asilimia 18 jumla ikawa shilingi 1,144,600. Sikuomba kupunguziwa hata shilingi moja. Nililipa fedha zote kupitia benki kabla kazi haijaanza, kama utaratibu wenu unavyotaka, na siku ya kuchukua gari nikapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, pamoja na ankara ya mwisho ambayo nayo inasema kioo ni kipya, ni halisi, na kwamba kazi ina dhamana ya miezi mitatu. Nakala za karatasi hizo zote nimeziambatisha hapa.

Kioo mlichoniwekea si kipya. Aliyeanza kuligundua hilo ni kijana anayenioshea gari, ambaye aliniuliza kwa nia njema kabisa nimekitoa wapi kioo cha mtumba, kwa sababu kila akikifuta inabaki alama ya mstatili kwenye kona ya chini. Kwa jicho la kawaida na mchana wa jua alama hiyo haionekani kwa urahisi. Lakini nilipoinama na kukipulizia pumzi mahali hapo, ukungu ulitanda kwenye kioo chote isipokuwa kwenye michoro iliyokuwa imesuguliwa, na nikasoma herufi T, tarakimu mbili baada yake, kisha nafasi iliyochubuliwa sana, na mwishoni herufi moja nzima. Nilirudia mbele ya majirani wawili, na picha zilizopigwa wakati huo zimo katika viambatisho.

Sidhani kama kuna haja ya kuwaeleza watu wa magari maana ya mchoro huo. Kwa sababu ya wizi wa vioo, taa na saiti mira, wenye magari wengi wa jiji hili huchoresha namba za usajili kwenye kila kitu kinachochoreka, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo wiki ile ile gari lilipotoka bandarini. Vioo vyangu vitatu vya milango vilivyosalia vina namba yangu. Cha nne, ambacho kwa mujibu wa ankara yenu hakijawahi kufungwa kwenye gari lolote, kina mabaki ya namba ya mtu mwingine aliyoipangusa mtu kwa msasa au kwa dawa ya kung'arishia, tena kwa haraka, maana ukitazama nje kupitia hapo mistari ya ukuta inapinda.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji hata pumzi. Kwenye chapa ya mtengenezaji, ile iliyo chini ya kioo yenye herufi E ndani ya duara na maandishi 43R yanayoonyesha kwamba kioo kimekidhi kanuni ya usalama ya Umoja wa Mataifa, alama ya mwaka inaonyesha kwamba kilitengenezwa mwaka 2010. Hilo peke yake lisingenitosha kulalamika, kwani kioo kinaweza kukaa ghalani miaka mingi kikiwa kipya ndani ya kifungashio chake. Ila kioo kilichokaa ghalani hakiwezi kuwa na mikwaruzo ya wima, myembamba, iliyosambaa kuanzia juu hadi chini, ambayo husababishwa na mchanga unaonasa kwenye mipira ya mlango kila kioo kinapopanda na kushuka. Mikwaruzo hiyo ni ya miaka ya matumizi. Haikutokea ndani ya wiki chache kwenye gari langu, ambalo abiria wa nyuma ni watoto wangu na kioo chao hushushwa kwa nadra.

Napenda nieleweke vizuri hapa. Kioo kilichotumika si dhambi. Kama kingekuwa hakijameguka pembeni na kina chapa sahihi, kinaweza kufanya kazi miaka mingine kumi, na wapo watu makini wanaovinunua kila siku kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, wakavikagua kwa mikono yao, wakapatana bei na kuondoka wameridhika. Ningetaka hicho, ningekwenda huko na fundi wangu na kulipa sehemu ndogo tu ya bei yenu. Nilikuja kwenu kwa sababu sikutaka kubahatisha asili ya kitu ninachokifunga kwenye gari la familia, na tofauti kati ya bei ya huko na ya kwenu nilihesabu kwamba ndiyo malipo ya uhakika huo. Mmechukua malipo ya uhakika na kunipa bahati nasibu.

Tena bahati nasibu yenyewe ina hatari. Namba iliyofutwa ni ya gari la mtu. Inawezekana gari hilo lilipata ajali likauzwa vipande kwa halali, na inawezekana vilevile kwamba mwenyewe aliamka asubuhi akakuta mlango wake uko wazi bila kioo. Sisemi kwamba kampuni yenu inanunua mali ya wizi. Nasema kwamba mtu aliyesugua ile namba alikuwa na sababu ya kuisugua, na kwamba siku askari atakaponisimamisha na kuuliza kwa nini gari langu lina kioo chenye namba iliyofutwa, mwenye kujieleza nitakuwa mimi wala si mtunza stoo wenu.

Sasa nije kwenye ufundi. Baada ya kugundua hayo nilianza kutilia shaka na mengine, hasa kwa kuwa kila nilipofunga mlango huo kulikuwa na kitu kinacheza ndani yake kama mbegu za kayamba, na baada ya mvua kubwa zulia la chini ya kiti cha nyuma lililowa hadi likaanza kutoa harufu. Nilimwita fundi mwingine akafungua kava la mlango mbele yangu, na kwa kuwa nilijua mtakuja kusema kwamba mlango umechezewa na mtu wa nje, nilipiga picha za kila hatua, kuanzia skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Vipande vya kioo cha zamani vilikuwa vimejaa chini ya mlango. Vilikuwa vimeziba matundu ya kutolea maji, na maji yaliyotuama yalikuwa yamekwisha kuacha mstari wa tope juu ya rangi. Nimevihifadhi kwenye mfuko na mnaweza kuviona.

Karatasi ya plastiki inayozuia maji ya mlangoni yasiingie ndani ya gari ilikuwa imechanwa kwa kisu, si kubanduliwa kwenye gundi yake, kisha ikarudishwa kwa selotepu ya kawaida, ile ya kufungia maboksi, ambayo ilikwisha achia upande mzima. Klipu tatu za kava hazikuwepo kabisa. Kazi ya kubadilisha kioo cha mlango, kwa fundi anayeijua, sehemu yake kubwa ni usafi: kutoa kava bila kulivunja, kufyonza vipande vyote kwa mashine, kukagua mipira, kisha ndipo kioo kishushwe na kubanwa. Kukibana kioo chenyewe ni dakika chache. Ninyi mmefanya hizo dakika chache na kuniandikia gharama ya kazi nzima.

Hata hicho kilichofanyika hakiko sawa. Kioo kimekaa upande. Kikipanda hukwama karibu na juu, na kwa kuwa mfumo wa usalama wa gari hili hudhani kuna mkono au kichwa cha mtoto kilichobanwa, hukirudisha chini chenyewe. Nilifuata maelekezo ya kitabu cha gari ya kukifundisha upya, yaani kukipandisha hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa muda mfupi, lakini hayakusaidia kwa sababu kasoro haiko kwenye umeme, iko kwenye namna kioo kilivyopangwa ndani ya njia yake. Nilipompigia simu fundi wenu aliniambia nirudie kuvuta swichi kwa nguvu hadi kifunge. Ndugu Meneja, kitabu cha gari kinaonya waziwazi kwamba ukilazimisha hivyo mara kioo kinapogoma, kinafunga kwa nguvu zaidi na hatimaye bila kinga ya kubana. Ushauri huo ametoa mtu aliyevaa sare yenu, kwa mteja ambaye alishamweleza kwamba kiti hicho hukaa watoto.

Nilifika ofisini kwenu kulieleza suala hili kwa mdomo kabla ya kuandika. Nilipokelewa kwa heshima, hilo nalikiri, na nikapewa maji ya kunywa. Lakini jibu nililopewa ni kwamba kioo ni kioo mradi kinafunga, jambo ambalo nalo si kweli, na kwamba kwa kunijali kama mteja wa siku nyingi nitapunguziwa asilimia kumi kwenye sevisi ijayo. Nilikataa na ninaendelea kukataa. Sikuja kuomba fadhila kwenye kazi ambayo haijafanyika, nilikuja kudai kitu kilichoandikwa kwenye risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Kwa hiyo ninaomba mniwekee kioo kipya kama ankara inavyosema, kikiwa na chapa ya mtengenezaji na rangi inayolingana na vioo vingine, na nikione kwenye kifungashio chake kabla hakijafungwa. Mlango usafishwe mbele yangu, matundu ya maji yazibuliwe, karatasi ya kuzuia maji ibadilishwe kwa nyingine mpya, klipu zilizopotea zirudishwe, na kioo kipangwe hadi kipande na kushuka bila kugoma. Zulia lililoloa litolewe, likaushwe na kurudishwa kwa gharama yenu. Gharama ya fundi aliyefungua mlango, ambayo ni shilingi 40,000, irejeshwe kwangu, kwani bila yeye nisingejua maji yanatoka wapi. Ikiwa hamna uwezo wa kupata kioo kipya, basi nirudishiwe shilingi 1,144,600 zote nami nitatafuta mahali pengine.

Zaidi ya hayo, ninahitaji maelezo ya maandishi kuhusu mahali kilipotoka kioo kilichofungwa, pamoja na nakala ya hati mliyokinunulia. Hili silitaki kwa ajili ya kubishana nanyi. Ninataka niwe na karatasi ya kuonyesha nikiulizwa, na ninyi wenyewe, kama mmeletewa kitu hicho na muuzaji aliyewadanganya, mnahitaji kumjua kuliko mimi.

Ninawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya muda huo, nitapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, na suala la namba iliyofutwa nitaliripoti kituo cha polisi, kwa kuwa hilo halinihusu mimi na ninyi peke yetu.

Gari nitalileta siku yoyote ya kazi mtakayoitaja. Kioo kilichomo sasa kikishatolewa kisirudishwe stoo wala kisitupwe. Nikabidhiwe mimi, na nitasaini kukipokea.

Wenu,

(Saini)
Mmiliki wa gari

Viambatisho: ankara kifani, ankara ya mwisho, risiti ya EFD, picha za kioo na za mlango uliofunguliwa.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni.