Dodoso la afya ya akili lisiishie mezani kwa inchaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wauguzi, madaktari, watu wa maabara na wafanya usafi wa wodini. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, tena hapa jirani Arusha, baada ya kushuka uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Baada ya hapo Kagera imepigwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Kila mlipuko ukija zinahesabiwa barakoa, glavu na mitungi ya oksijeni. Mhudumu mwenyewe haulizwi hata kama analala.

Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Mwaka 2021, wagonjwa walipokuwa wanakosa pumzi mikononi mwetu, nilikuwa zamu moja na dada mmoja hodari sana. Akaanza kuhakiki dozi ile ile mara nne, mara tano, na bado haamini. Chai ya saa nne akawa hanywi nasi. Zamu ikiisha anabaki chumba cha kubadilishia nguo anasugua mikono mpaka ngozi inachubuka, maana nyumbani yupo mama yake mzee, ana kisukari. Wodini ikasemwa amechoka tu; wengine wakadai anaringa. Alipoomba likizo bila malipo ndipo ikajulikana kwamba usingizi ulishamhama miezi mingi.

Hayakuwa mambo ya siri, na wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa 2020 watafiti nchini China waliwahoji wahudumu wa afya 1,257 kutoka hospitali 34, wakakuta nusu yao wana dalili za sonona.

Kipimo tunacho. Dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na linajazwa kwa dakika chache. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kushindwa kutuliza akili. Alama za juu kabisa ni 27. Mwenye 10 na kuendelea aonwe na mtaalamu. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Anayejibu ndiyo hapo aonwe siku hiyo hiyo, hata kama jumla yake ni ndogo.

Kikwazo ni nani atakayeishika hiyo karatasi. Ikienda kwa inchaji anayetupangia zamu na kutujazia tathmini ya kazi, sote tutaandika sifuri. Jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, bado watu wanalitumia kutukanana. Nani atakubali limkute kazini kwake? Mimi mwenyewe nisingejaza kweli.

Kwa hiyo nawaomba Waganga Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro waliweke hili kwenye mipango ya dharura sasa, wakati hakuna mlipuko. Mlipuko ukitangazwa, dodoso lianze wiki ile ile, lirudiwe kila mwezi, na wafanya usafi wasirukwe. Fomu azikusanye muuguzi wa afya ya akili kutoka kituo kingine, azitunze yeye. Atakayeonekana kuelemewa abadilishiwe zamu bila kukatwa posho, kwa sababu posho ikikatwa wenzake wote watajifunza kunyamaza.

Wako,
Muuguzi wa wodi, Moshi
(jina nimekuachia wewe)