Barua kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda

Wanangu,

Marahaba kwa wote. Jambo hili halizungumziki kijiweni wala kwa mama ntilie, ndiyo maana ninaandika. Wachache kati yenu mmenifuata kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidhani yuko peke yake: mmechoka na video za ngono, hizo mnazoziita koneksheni, mmejaribu kuacha, mmeshindwa. Majina yenu ninabaki nayo mimi.

Kwanza, acheni viapo. Mtu anafuta kila kitu Jumapili, anaapa kwa jina la Mungu, Jumatano anapakua upya na kujiona hafai. Kiapo unakila mchana, hamu ikiwa haipo. Unakihitaji saa sita usiku, ukiwa umechoka, uko peke yako, na bando la usiku limejaa.

Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima ubongo wa tumbili waliopewa sharubati baada ya ishara fulani. Mwanzoni seli za dopamini, kemikali inayotusukuma kukitafuta kitu, zilichangamka sharubati ilipofika. Tumbili walipokwisha kuizoea ile ishara, seli zikawa zinachangamka ishara inapotokea tu. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio kabla hujafungua chochote. Umefunga mlango, umezima taa, simu iko nawe kitandani: ubongo umeshapata habari.

Kwa hiyo tafuteni ishara zenu. Mmoja wenu nilimuuliza tu: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Akasema hesabu ya bosi ilikuwa haijatimia siku ya pili, na pikipiki inatishiwa kuchukuliwa. Safari nyingine aligombana na mchumba wake. Katika maelezo yake yote tamaa ya mwanamke haikutajwa. Alikuwa anakimbia fedheha, na simu ndiyo iliyokuwa karibu. Mtu wa namna hii hata ukimhubiria uzinzi mwaka mzima hujamgusa panapomuuma.

Basi andikeni wiki moja: saa, mahali, nini kilitangulia, ulijisikiaje. Ukishaona mkondo wako, hatua zenyewe ni za kawaida kabisa. Simu ilale sebuleni au kwa jirani. Bando la usiku usinunue. Magrupu yanayorusha video hizo, jitoe (na anayezirusha akumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu). Siku ya hesabu pungufu, usiende moja kwa moja chumbani. Kaa na watu kwanza.

Hata hivyo hamu itakuja. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na walevi na wavutaji, alifundisha kuichukulia kama wimbi: linapanda, linafika kileleni, linavunjika lenyewe. Usipigane nalo, usilifuate. Keti, uisikie hamu ilipo mwilini, kifuani, tumboni, kwenye vidole vinavyotafuta simu. Vuta pumzi taratibu ukiitazama. Mara nyingi nusu saa haiishi kabla haijalegea. Kukaa kukikushinda, toka nje, kachote maji, mpigie mtu simu.

Marlatt huyo huyo aliona kwamba kinachomwangusha mtu vibaya ni maneno anayojiambia baada ya kuteleza: "Nimeshaharibu, acha nimalizie." Ukiteleza saa nne, zima simu saa nne na robo. Kesho andika kilichotangulia, uendelee na hatua zako.

Je, ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeutaja ugonjwa wa mtu kushindwa kuzitawala tabia zake za ngono. Lakini limesema wazi kuwa kujilaumu kwa sababu ya maadili peke yake hakutoshi kukuita mgonjwa. Anayestahili kwenda kitengo cha afya ya akili, hospitali ya mkoa, ni yule ambaye kwa miezi kazi inaharibika, ndoa inayumba, usingizi hana, na kuacha kunamshinda. Wauza mizizi wa stendi msiwape hela zenu kwa jambo hili.

Baada ya alasiri huwa nipo barazani. Mwenye daftari aje nalo, na anayeona haya kuja kwangu amtafute mtu mmoja mzima anayemwamini, amweleze wiki hii.

Ni mimi babu yenu, tabibu mstaafu.