Yaya, usifomate kwanza ile disiki

Yaya yangu, jambo sana! Huko Goma muko bazima? Sisi huku Bukavu tuko, mama Furaha anakusalimia. Ukimya wangu unisamehe, tutauongea. Kwanza ile disiki ya mashini yangu ya zamani niliyokuachia, tafadhali usiifomate, kama bado iko mu mfuko wake iache palepale.

Shida iko hivi. Mashini ya zamani ilikuwa ya Windows 10, ile waliyoacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, na 11 ilikuwa inaikataa, njo maana nilitafuta ingine nikaiwekea Windows upya kabisa. Nikakopi Documents, Desktop na picha, nikajua kazi imeisha. Kumbe barua za baba, zile alikuwa ananiandikia kabla hajafa, zilikuwa mu Thunderbird, ile programu ya barua-pepe, na Thunderbird inaweka vitu vyake mu AppData, folda ambayo huioni mpaka uiambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Nafungua Thunderbird mpya, inaniuliza adresi yangu kama mgeni, upande wa kushoto hakuna kitu. Na mi nilikuwa natumia POP, ile njia ya kushusha barua, na vile nilikuwa nimeipanga, barua zikishashuka kwenye mashini kule kwenye seva zinafutika. Yaya, nilikaa mbele ya ile skrini mpaka umeme ukakatika.

Basi nakuomba, chomeka disiki, ingia Users, jina langu, AppData, Roaming, Thunderbird, ukopi folda nzima, usichague faili mojamoja. Itakuambia huna ruhusa, bonyeza Continue tu ungoje, hata kama inachelewa. Flashi isiwe ya FAT32, faili ikipita 4 GB inakataa hata nafasi ikiwepo, na baba alikuwa anatuma picha sana, za shamba, za mbuzi, za kila kitu. Flashi uniletee kwa boti, nitaipokea bandarini mwenyewe, lakini disiki ibaki kwako, nisije nikapoteza zote mbili safari moja.

Umeshaigusa? Yule jamaa wa Birere aliyetaka disiki ya filamu, hujampa? Na kama umeshaifomata, umeweka kitu juu yake ao bado iko tupu? Ikiwa tupu usiandike chochote ndani, uniambie ukweli tu, sitakasirika. Mguu wako je, umepona? Nijibu leo yaya, hata usiku.

Aksanti sana.