Kuhusu Athletics na Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi.

Tangu asubuhi naona swali moja tu: timu yetu ya besiboli, Athletics, itarudi Oakland? Jamani, tusidanganyane. Tuliuaga uwanja wao wa Oakland, Coliseum, tarehe 26 Septemba 2024, watu zaidi ya 46,000, tukawafunga Texas Rangers 3-2. Sasa wako Sacramento kwenye kiwanja kidogo, wakisubiri Las Vegas 2028. Mwaka 2023 tulivaa fulana za kijani kumtaka mmiliki, John Fisher, auze timu; hakuuza. (Yangu imepauka kwapani, siitupi.)

Jumamosi tunakwenda Raimondi Park kuwaona Ballers, timu nyingine ya besiboli ya hapa Oakland. Hawa angalau wamewauzia mashabiki hisa. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku, nikate tiketi. Hela kwanza, tafadhali. Mara ya mwisho nililipia wanne hawakutokea.