Barua kwa mwanangu anayeingia studio saa nane usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma nimesimama mlangoni, viatu bado mguuni, kisha nikakaa nikausoma tena. Umepewa kipindi! Kila Ijumaa, saa nane usiku mpaka saa kumi, redio ya chuo. Ila umeniandikia kama mtu anayeomba radhi, eti ni saa ambayo hakuna anayesikiliza. Neno hilo limenichoma, na ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya kukupigia simu.

Saa hiyo hiyo nami niliwahi kupewa.

Studio yetu ilikuwa chumba chembamba mwisho wa korido, kuta zimebandikwa vipande vya zulia kuukuu ili sauti isirudi. Mlikuwa na mashine mbili za santuri, deki mbili za kaseti, na kipaza sauti kimoja kilichovikwa sponji nyeusi ambayo watangazaji walikuwa wameinyofoa pembeni kwa vidole. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa wa wati 10. Balbu ya chumbani ya enzi zile ilikula wati 60, hebu fikiria. Redio nyingi za vyuo zimeanzia kwenye nguvu kama hiyo. Marekani ilianza kuvipa vyuo leseni za FM za wati 10 mwaka 1948, zikawa mlango wa kuingilia kwa wanafunzi wengi. Ukivuka majengo ya chuo ukatembea kidogo, sisi tulianza kukwaruza. Ukishuka bondeni, tulipotea kabisa.

Na bado nilifungua kipaza sauti na kusema, "Wapenzi wasikilizaji, popote pale mlipo." Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni kwenye redio kubwa, nikadhani ndiyo utangazaji wenyewe. Nilinenepesha sauti. Nilipiga nyimbo sita mfululizo, nikasalimu tena, nikapiga nyingine sita. Wiki tatu nzima.

Wiki ya nne taa ya simu ikawaka. (Simu ya studio hailii, inawaka taa tu, isije ikasikika hewani. Yenu huenda imekuwa ujumbe kwenye skrini.) Alikuwa mlinzi wa usiku wa jengo mojawapo la chuo, sauti nzito, ya upole. Akasema kuna wimbo niliupiga wiki mbili nyuma, wa mwanamke anayeimba peke yake na gitaa, na tangu hapo anausubiri niurudie. Hakujua unaitwaje wala nani ameimba, kwa sababu mimi sikuwahi kusema. Wiki mbili! Mtu amekaa na redio ndogo kwenye kiti cha plastiki, anausubiri wimbo usio na jina, nami nimeshughulika kunenepesha sauti.

Nilipokata simu nilitetemeka. Nikautafuta wimbo wake, nikaupiga, ulipokwisha nikataja jina la wimbo, la mwimbaji, na la mpiga gitaa lililoandikwa nyuma ya jalada. Kisha, bila kupanga, badala ya "popote mlipo" nikasema "popote ulipo".

Herufi moja tu imebadilika hapo, mwanangu, lakini kwangu kipindi kizima kilibadilika. Ukisema "mlipo" unahutubia. Unaona umati, na umati ule haupo, kwa hiyo unaanza kuigiza. Ukisema "ulipo" unamwona mtu, na kwa mtu huwezi kupiga kelele. Redio haisikilizwi na umati hata ikiwa na wasikilizaji milioni moja. Husikilizwa na huyu akiwa jikoni, na yule akiwa kitandani, na yule kwenye kiti cha plastiki langoni, kila mmoja peke yake. Saa nane usiku ndiyo saa ambayo jambo hili ni kweli kuliko saa nyingine yoyote. Hujapewa makombo. Umepewa saa ambayo anayesikiliza anasikiliza kweli.

Tena redio ya chuo ilizaliwa hivyo. Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, wanafunzi wawili, George Abraham na David Borst, walianza kuunganisha vyumba vya mabweni kwa nyaya ili sauti itoke chumba hiki iingie kile. Haikuwa na mnara. Ilikuwa mwanafunzi anaongea chumbani kwake, na mwenzake anamsikia chumbani kwake. Hadithi hii naipenda sana, kwa sababu inafanana na kaseti nilizokuwa namrekodia baba yako.

Najua unazijua zile kaseti. Zimo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda chetu. Ila hujawahi kuniuliza zilitengenezwaje, na sasa unazihitaji kuliko wakati wowote, kwa hiyo keti nikueleze.

Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Mwanzoni mwa kila upande kuna kipande cha utepe mweupe au wa kupenyeza mwanga ambacho hakirekodi chochote, sekunde tano hivi. Asiyejua hubonyeza na kupoteza neno la kwanza la wimbo. Unachukua penseli ya pembe sita, unaiingiza kwenye tundu lenye meno, unazungusha polepole mpaka utepe wa kahawia utokeze dirishani. Hapo ndipo unaanza. Unabonyeza rekodi na kitufe cha kusimamisha kwa muda, vyote kwa pamoja, deki inakaa tayari. Upande wa pili, santuri. Unaitafuta sauti ya kwanza ya wimbo chini ya sindano kwa kuizungusha sahani kwa kidole, ukiipata unairudisha nyuma kama robo mzunguko, ili mashine ipate mwendo wake kabla wimbo haujaanza. Ukianzia palepale, sauti huingia ikijikokota kama mtu aliyeamshwa ghafla. Unaachia sahani, unaachia kitufe. Kisha unakaa kimya, unausikiliza wimbo mzima. Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 hutengenezwa kwa dakika 90, na za ziada juu yake, kwa sababu kila wimbo una urefu wake na hesabu lazima ifanywe kwenye karatasi: dakika 41 na sekunde 20 zimekwisha, zimebaki tatu na arobaini, nina wimbo gani wa tatu na nusu? Ukikosea, wimbo wa mwisho unakatika katikati ya neno, na mtu uliyempa atausikia ukikatika hivyo kila siku ya maisha yake.

Kaseti ya kwanza niliyompa baba yako ilikuwa mbaya. Kila wimbo ulikuwa mzuri, ila niliuchagua ili ajue ninajua muziki. Nyimbo adimu, vikundi ambavyo hakuna aliyevisikia, pande zote mbili. Aliisikiliza yote, ndivyo alivyo, akaniambia kwa upole, "Nimekuona wewe humu, mimi sijajiona." Sikulala usiku ule.

Kwa kaseti ya pili sikuanza na santuri. Nilianza naye. Jioni alitembea kutoka kazini mpaka anakokaa, dakika zipatazo arobaini na tano, na kiunoni alikuwa na Walkman aliyoachiwa na kaka yake. Kabla Sony hawajaitoa mashine hiyo mwaka 1979, muziki wa kaseti kwa watu wengi ulikuwa wa sebuleni au garini. Baada yake mtu aliweza kutembea barabarani wimbo ukiwa ndani ya kichwa chake peke yake. Basi nikapanga upande wa kwanza uwe njia yake. Wimbo wa kwanza uwe wa kutoka langoni, wenye mwendo wa hatua za mtu aliyechoka lakini anakwenda kwake. Katikati kuna mlima, hapo nikaweka ngoma. Baada ya mlima, wimbo mmoja usio na maneno kabisa, apumue. Wa mwisho nikautaka uishe akiwa anatafuta ufunguo mfukoni. Kuna wimbo niliupenda kupita wote nikauacha nje, kwa sababu haukuwa na mahali njiani. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kuacha wimbo unaoupenda kwa ajili ya mtu unayempenda.

Kipindi chako kitengeneze hivyo hivyo. Mchague mtu mmoja aliye macho saa nane. Aweza kuwa muuguzi, dereva, mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi, au mwenye mtoto mchanga asiyelala. Mpangie njia kutoka saa nane mpaka saa kumi. Usimwanzishie kwa kishindo. Sikiliza namna wimbo mmoja unavyokwisha kabla hujaamua ufuatwe na upi: unafifia, au unakatika? Unamwacha msikilizaji juu au chini? Na angalia mshale wa kipimo cha sauti, kwani rekodi za zamani nyingi ni za chini kuliko za siku hizi, na anayesikiliza usiku kwa sauti ndogo atashtuka ukiruka kutoka hii kwenda ile bila kusawazisha.

Watakuogopesha na ukimya. Watakuambia hewa isikae tupu hata nukta moja, na ni kweli kwamba sekunde kumi za ukimya zinamfanya mtu adhani redio imekufa, ahamie kwingine. Uwe na wimbo wa akiba tayari wakati wote. Lakini sekunde moja au mbili baada ya wimbo mzito si kosa. Mwache ameze. Mimi niliambiwa na mkubwa wangu wa studio nizizibe zote, nikatii, na mpaka leo najuta kuhusu nyimbo fulani nilizozikanyaga miguu na maneno yangu.

Mdomo usiubandike kwenye kipaza sauti. Acha nafasi ya ngumi moja, na ongea ukielekeza mdomo pembeni kidogo, ndipo "p" na "b" zako hazitapasuka. Taja majina. Yataje baada ya wimbo, wakati mtu ameshaupenda na anataka kujua, na taja na wapigaji kama unawajua. Usisome kutoka kwenye karatasi, andika sentensi ya kwanza tu.

Umesema mnasikika pia mtandaoni. Basi muulize meneja wenu kuhusu haki za muziki kabla hujapanga chochote. Kuna nchi zenye mipaka. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998, redio ya mtandaoni inayotumia leseni ya kawaida haitakiwi kupiga nyimbo zaidi ya nne za mwimbaji mmoja ndani ya saa tatu. Nakuambia kwa kuwa najua unampenda nani, na najua utataka kumpa saa mbili zote usiku wa kwanza.

Nyinyi mnatumiana orodha za nyimbo kwa kugusa skrini, na sioni ubaya, nami ulizonitumia nimezisikiliza zote mpaka mwisho. Ile ya siku nilipotoka hospitali ilianza na wimbo usio na ngoma. Nilijua umenifikiria, kichwa kilikuwa kinaniuma.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kaseti moja. Ndiyo ile ya pili, ya njia ya baba yako. Ameniruhusu nikupe. Sikuwa nimevunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni, ambavyo ukivivunja kitufe cha kurekodi hakikubali tena, na ulipokuwa na miaka mitatu uliiweka kwenye redio ukabonyeza. Upande wa pili, katikati ya wimbo wa nne, muziki unakatika na unasikika unapumua karibu sana. Kisha unauliza, "Baba? Uko humo?" Kimya. "Baba, uko humo?" Halafu wimbo unarudi. Nilipotaka kuirekodi upya baba yako aliishika kaseti kifuani, akaenda kuvivunja vijipande hivyo kwa kisu.

Ijumaa nitakuwa macho, na yeye pia. Tutakusikiliza mtandaoni na nitakurekodi. Nimepata kaseti mbili mpya za dakika 90, na deki nimeisafisha kichwa kwa spiriti na pamba. Nitabonyeza nikisikia neno lako la kwanza. Nakuomba jambo moja tu. Ukikaribia dakika ya 44, usiwe katikati ya wimbo. Ongea kidogo, useme lolote, hata saa ngapi sasa. Mtandaoni sauti huchelewa, na ule utepe mweupe unakula sekunde zake, kwa hiyo nipe kama nusu dakika niitoe, niigeuze, nibonyeze tena. Na vivyo hivyo kwenye dakika ya 89, hapo nabadilisha kaseti.

Mama yako