Weka mipaka kabla ya kukusanya takwimu

Rafiki mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupata nafasi ya uzamili katika mifumo endelevu ya chakula. Umeuliza uanze kusoma nini. Mimi naona uanze na sentensi moja utakayoiandika mwenyewe: hesabu yako inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mfumo wa chakula ni shamba, ghala, lori, kiwanda, duka, jiko na jalala. Hakuna tasnifu inayoweza kuvibeba vyote. Utakutana na tafiti mbili zinazotajwa sana: ya 2018 inasema chakula huchangia asilimia 26 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na ya 2021 inasema asilimia 34. Usikimbilie kuuliza nani kakosea. Ya kwanza inaishia dukani. Ya pili inaendelea hadi upishi na taka. Ukiziweka kwenye jedwali moja bila kueleza hilo, mtahini atakubana hapo hapo, na atakuwa na haki.

Baada ya mipaka, chagua kipimo cha kulinganishia: kwa kilo, kwa hekta, au kwa gramu ya protini? Shamba lenye mavuno madogo na mbolea kidogo linaweza kushinda (kutoa gesijoto kidogo) kwa hekta na kushindwa kwa kilo. Majibu yote mawili ni ya kweli, kwa hiyo kipimo kitokane na swali lako, kisichaguliwe baada ya kuona matokeo.

Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vinagawa tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani hesabu ya athari za bidhaa kwa mazingira tangu malighafi hadi taka, katika hatua nne: lengo na mipaka, orodha ya vinavyoingia na kutoka, tathmini ya athari, kisha tafsiri. Wanafunzi wengi huruka hadi ya pili kwa sababu programu ya kompyuta inawaita.

Fanya kwanza hesabu moja kwa mkono. Chukua kilo 100 za urea. Nitrojeni ndani yake ni asilimia 46, yaani kilo 46. Kwa kadirio la msingi la IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, asilimia 1 ya nitrojeni hiyo hutoka udongoni moja kwa moja ikiwa ndani ya oksidi ya nitrasi, gesijoto kali: kilo 0.46. Zidisha kwa 44/28 (uzito wa gesi hiyo kwa uzito wa nitrojeni iliyomo) upate gesi yenyewe, kilo 0.72, kisha kwa 273, yaani mara ambazo gesi hiyo hupasha joto kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule kwa miaka 100. Jibu ni kama kilo 197 za kabonidioksidi linganifu, bila kuhesabu kiwanda kilichotengeneza mbolea. Ukisahau 44/28 utapata 126. Ukichukulia kilo zote 100 kuwa nitrojeni utapata 429. Andika pia kwamba 273 ni ya ripoti ya sita ya IPCC. Ripoti ya tano ilitumia 265, na ukizichanganya hesabu inaharibika kimyakimya.

Ukipima upotevu wa nafaka, pima unyevu kila unapopima uzito. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13 zinabaki kama 920. Zile 80 ni maji tu, hakuna aliyepoteza chakula.

Kwa upande wa watu, omba kibali cha maadili mapema, maana mavuno hayasubiri kamati. Hojaji ya ulaji wa saa 24 zilizopita ikifanywa wakati wa mavuno pekee itaficha miezi ya njaa. Rudi kwa kaya zilezile katika msimu wa uhaba, hata kama itabidi upunguze sampuli. Hapo usione uchungu kupunguza.

Nitumie ile sentensi, pamoja na kipimo ulichochagua, kabla hujaonana na msimamizi wako. Nitaisoma siku hiyohiyo.

Wako daima,
Rafiki yako